Picha Inapopepesa

Mpelekee fundi wa deki mkanda wa zamani wa familia, ule ulionakiliwa kutoka kwenye filamu za kamera ya kutia ufunguo, umwambie picha haitulii. Atakuuliza, "Inachezacheza?" Utajibu ndiyo, na mtadhani mmeelewana. Kumbe neno hilo limekusanya kasoro nne au tano zisizo na undugu hata wa mbali, na dawa inayotuliza moja huichochea nyingine.

Tuanze na filamu zenyewe, maana wengi wetu tulizikuta zimeshakuwa kanda za VHS. Kodak ilitoa filamu ya milimita nane mwaka 1932 kwa watu wa kawaida waliotaka kupiga sinema zao nyumbani. Ilikuja ikiwa na upana wa milimita 16. Ulipiga nusu ya upande mmoja, ukaigeuza, ukapiga nusu ya pili, kisha maabara ikaipasua katikati na kuunga vipande. Mwaka 1965 ikaja Super 8, ndani ya kasha la plastiki, na habari ya kugeuza ikaisha. Rili ya futi 50 ilitosha dakika tatu na ushei, au nne. Ndiyo sababu watu wa sinema hizo hupunga mkono harakaharaka na kupisha wengine: kila mmoja alijua filamu inakwisha.

Afrika Mashariki kamera hizi zilikuwa mikononi mwa wachache, wenye maduka, madaktari, wamisheni, maofisa wa serikali ya kikoloni. Waliohama waliondoka nazo. Leo sinema za nyumbani zilizopigwa Unguja, Mombasa au Kampala miaka ya 1950 na 1960 unaweza kuzikuta kwenye makabati ya Leicester, Toronto au Muskat, na nyingine zimeingia katika hifadhi za umma kama Bristol Archives ya Uingereza, inayotunza picha za watu waliokaa makoloni.

Miaka ya 1980, deki zilipoenea, projekta zilikuwa zimechoka na balbu zake adimu. Njia ikawa moja: tundika shuka jeupe, washa projekta, weka kamera ya video ubavuni mwake, nasa. Napenda kunasa kuliko kurekodi. Mtego hunasa kinachopita, kitakiwacho na kisichotakiwa. Kamera ile ilinasa harusi, ikanasa pia mapigo ya mtambo uliokuwa ukiionyesha harusi.

Mapigo hayo tuyaiteje? Kiswahili hakikosi maneno ya mwanga usiotulia. Kinayo mengi mno. Kumetameta nalitoa mapema. Nyota humetameta, shanga humetameta, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa fundi kwamba kitu chake kinametameta. Ni neno la sifa. Kuwakawaka ni la moto na la taa za gari la wagonjwa. Linasema kitu kinawaka kisha kinazimika, ilhali picha ya mkanda wetu haizimiki, inapungua na kuongezeka tu. Kumweka ni la radi: mara moja, kwa nguvu, basi. Kutikisika na kutetemeka yanahusu mahali kitu kilipo, si mwanga wake.

Tazama pia mengi ya maneno haya yalivyorudufiwa. Uradidi ndiyo njia yetu ya kusema jambo linajirudia, na ni njia nzuri, ila hausemi linajirudia mara ngapi. Kwa mshona shanga haidhuru. Kwa mtu anayetaka kuuponya mkanda, mara ngapi ndilo swali la kwanza na karibu la mwisho.

Maneno mawili yaliyobaki nayataka yote, kila moja kwa kazi yake: kupepesa na kusinzia.

Kupepesa ni kwa jicho, na projekta ina kope. Mbele ya taa yake kinazunguka kisahani chenye mapanga, mfano wa pangaboi dogo. Filamu haiteremki mfululizo. Inavutwa fremu moja, inasimama, inavutwa tena, na panga hukinga mwanga wakati wa kuvuta ili macho yasione picha ikikimbia. Lakini kukinga mara moja kwa kila fremu, kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde wa milimita nane ya kwanza au 18 wa Super 8, kungewaumiza watazamaji macho. Waingereza waliita sinema za mwanzo kwa jina la kasoro hiyohiyo, na jina likawanata. Watengenezaji wakaongeza mapanga, hivyo kila fremu ikawa inaangazwa mara tatu kabla ya kupisha nyingine. Mara tatu 16 ni 48. Mara tatu 18 ni 54. Kwa kasi hiyo, kwenye chumba cha kawaida, jicho halisumbuki. Babu na bibi walioketi mbele ya shuka waliona picha iliyotulia, na hapa niseme wazi kwamba kupepesa tunakokuona kwenye mkanda si uzee wa filamu. Kulizaliwa siku ya kunakili.

Kwa sababu kamera ya video nayo ina kope zake. Mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya, Uingereza na Omani, hupiga nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, na nusu mbili hufanya fremu moja. (Witiri na shufwa walitufundisha shule ya msingi, kisha tukadhani hayana kazi nje ya daftari la hesabu.) Kila nusu-picha inakusanya mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Projekta inayopepesa mara 54 haigawanyiki sawasawa humo: nusu-picha hii inapata mmweko mmoja, ile inapata mmoja na kipande cha wa pili. Toa 50 katika 54, zinabaki nne. Hayo ndiyo mapigo manne ya nuru na utusitusi unayoyaona kila sekunde. Projekta ya fremu 16 inatoa mimweko 48, upungufu wa mbili, na mapigo yake mawili kwa sekunde ni mazito zaidi kuyavumilia.

Sasa mpe rili hiyohiyo jamaa aliyehamia Kanada baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Huko mfumo ulikuwa NTSC, nusu-picha takriban 60 kwa sekunde. Mimweko 54 inaacha tofauti ya sita. 48 inaacha kumi na mbili. Ndugu wawili, mmoja Leicester na mmoja Toronto, wakinakili filamu moja ya harusi ya mama yao, watakuwa na kanda mbili zinazopepesa kwa mwendo tofauti, na kila mmoja ataapa kwamba filamu ndivyo ilivyokuwa. Mkanda wa Toronto ukigeuzwa kuwa PAL ili utazamwe Dar es Salaam, fremu takriban 30 zinabanwa ziwe 25, mapigo yanachanganyika na mapigo, na hesabu yake inakuwa kazi kweli kuifumbua.

Kwa hiyo mpepeso, kama istilahi, napendekeza ubaki kwa jambo hili tu: kupanda na kushuka kwa mwanga kwa mwendo usiobadilika, kunakotokana na mitambo miwili inayofumba na kufumbua kwa kasi tofauti. Na useme na idadi yake. "Mpepeso wa nne" unamwambia fundi mtambo gani ulitumika, mfumo gani, na pengine mji gani.

Waliolijua hilo zamani waliukata mpepeso kabla haujazaliwa. Projekta nyingi zilikuwa na kitufe cha kupunguza na kuongeza mwendo. Ukiishusha hadi fremu 16 na theluthi mbili kwa sekunde, mara mapanga matatu, unapata 50 kamili, na picha inatulia kabisa. Kwa NTSC ilibidi fremu 20, au kisahani cha mapanga matano: fremu 24 mara tano ni 120, mara mbili ya 60. Sijaona programu ya kompyuta iliyokishinda kitufe hicho.

Kuna jamaa wa mpepeso anayestahili jina lake mwenyewe. Kamera za video za neli zilisoma picha mstari kwa mstari, juu hadi chini, na simu nyingi za leo zinafanya vivyo hivyo. Mstari wa juu na wa chini haikusanyi mwanga kwa wakati mmoja, kwa hiyo badala ya picha nzima kupungua nuru unaona kiza kipana kikipanda au kushuka kwenye shuka. Kamera za CCD zilizofuata zilikusanya mistari yote kwa pamoja, na kwao picha nzima hupigwa mara moja. Kile kiza kipana cha kamera za neli mimi nakiita kiza kitambaacho. Tofauti hii si ya wapenda maneno peke yao. Programu inayopima mwangaza wa fremu nzima haikioni kiza kitambaacho: juu pamepungua, chini pameongezeka, wastani uko palepale.

Kusinzia ni jambo jingine. Waliosoma kwa kibatari wanalijua: mafuta yakikaribia kwisha taa husinzia, mwanga unazama polepole, unazinduka, unazama tena, bila mwendo maalumu. Kanda za familia zimejaa kusinzia, na mara nyingi chanzo ni kamera ya video iliyoachwa ijirekebishe yenyewe. Anaingia bwana mwenye kanzu nyeupe juani. Kamera inaona nuru imezidi, inabana jicho lake, na nyuso za wote waliosimama kivulini zinazama. Bwana anatoka, jicho linafunguka taratibu. Filamu ile haina hatia yoyote. Aliyenakili angefunga marekebisho hayo na kuweka mwanga kwa mkono, tusingekuwa na la kusema.

Kusinzia kwingine kumo ndani ya filamu yenyewe. Kamera za kutia ufunguo zilienda kwa springi, na springi ikilegea mwendo unapungua, kila fremu inakaa kwenye mwanga muda mrefu zaidi, picha inapauka. Fremu za mwanzo wa kila tukio pia huwa nyeupe kupita kiasi, kwani mtambo ulikuwa bado haujashika kasi. Huku si kosa la kunakili, na mimi nasita kukuondoa kote. Kunaonyesha mkono wa aliyeshika kamera.

Kuyumba nalipitia haraka. Ni fremu kutokaa mahali pamoja mbele ya taa, matundu ya filamu yakiwa yamelika au filamu imesinyaa. Dawa yake ni ya kupanga mahali, wala haigusi mwanga.

Chenga ndilo neno ninaloliheshimu kuliko yote katika makala haya, na halikutoka kamati yoyote. Chenga ni mchele uliovunjika. Mtu fulani, pengine na antena mkononi, alizitazama nukta nyeupe zikimwagika kwenye kioo cha televisheni akasema picha ina chenga, na nchi nzima ikamwelewa. Chenga ni kasoro ya mkanda na ya mawimbi. Filamu haina chenga. Ina chembechembe zake, na hizo ndizo zinazoijenga picha. Anayechanganya viwili hivi huishia kupiga picha pasi hadi nyuso ziwe nta.

Tumefika kwenye kitenzi. Karibu kila mtu husema anataka kuusafisha mkanda. Vumbi husafishwa. Unywele uliokwama husafishwa. Ni vitu vilivyoongezwa juu ya picha, na ukiviondoa chini yake pana shimo ambalo programu inaliziba kwa kukopa kutoka fremu iliyotangulia au inayofuata. Mpepeso haukuongezwa juu ya chochote. Ni kila nukta ya picha kuzidishwa kwa namba isiyo yake, nane ya kumi hapa, moja na moja ya kumi pale, na tiba ni kugawanya kwa namba hiyohiyo. Hiyo ni kusawazisha. Ukimkabidhi kazi mtu kwa neno kusafisha, atatafuta kitu cha kuondoa, na kwa sababu hakioni ataanza kuondoa chembechembe.

Programu zinazosawazisha zimekuwapo kwa miaka mingi. VirtualDub ya Avery Lee ilipata kichujio cha Donald Graft kinachoipitia video mara mbili: mara ya kwanza kinapima mwangaza wa kila fremu, mara ya pili kinarekebisha. Maabara ya picha ya Chuo Kikuu cha Moscow ilitoa cha kwake. FFmpeg, ambayo ni ya bure, inacho pia. Kwa kawaida kinatazama fremu tano kwa pamoja, na unaweza kuongeza hadi 129. Wazo ni moja kwa zote, kwamba mwangaza wa fremu unapaswa kufanana na wa jirani zake, na ukizidi au kupungua unarudishwa.

Kufanana na nini hasa? Na wastani, tunasema, na hapo Kiswahili kinatuachia mlango wazi. Wastani kwa asili yake ya Kiarabu ni kilicho katikati. Darasani tumelifunga kwenye jumla iliyogawanywa kwa idadi, lakini mtu wa wastani mtaani si hesabu ya jumla, ni yule aliyesimama katikati ya foleni. FFmpeg inakupa uchague kati ya hivyo viwili, na kuna aina nyingine zaidi. Mkanda wenye fremu mojamoja nyeupe pe, za springi ile, unataka yule wa katikati ya foleni: fremu moja iliyopauka haimsogezi. Jumla iliyogawanywa husogea, na fremu jirani zote zinapakwa weupe wa mmoja. Ningependa taasisi za Kiswahili, BAKITA na TATAKI, zitupe maneno mawili yatakayokubalika mtaani. Kwa sasa nasema wastani wa jumla na wastani wa foleni, na fundi ananielewa.

Utaratibu ni muhimu kuliko chapa ya programu. Tenganisha nusu-picha kwanza, witiri peke yake na shufwa peke yake, kwa kuwa kila moja ilipata mmweko wake, sawazisha, ndipo uziunganishe. Ukiziunganisha mapema unapata fremu yenye mistari iliyong'aa ikipishana na iliyofifia, na programu inaiona fremu hiyo kuwa nzima kabisa. Kata video kila tukio linapobadilika, la sivyo sebule yenye giza itavutwa ifanane na ufuko wa bahari uliofuata. Na usitarajie muujiza kwenye ile kanzu. Nuru ilipozidi, kamera iliandika nyeupe ya mwisho na kuishia hapo. Hakuna mkunjo wala mshono uliohifadhiwa. Ukigawanya nyeupe hiyo unapata kijivu, fremu inayofuata nyeupe, inayofuata kijivu. Chumba kizima kimetulia, kanzu peke yake inapepesa.

Kisha kuna vijana wa video za harusi, ambao programu zao zina kitufe cha kuipa picha ya jana sura ya kale: mikwaruzo, rangi ya chai, na mpepeso. Sina ugomvi nao. Ila mpepeso wanaouweka ni wa deki ya mwaka 1985, na wanadhani ni wa sinema ya mwaka 1955.

Neno lililoleta hasara kubwa kuliko yote nimeliacha makusudi. Ni kuhamisha. "Tumehamisha filamu kwenye mkanda," watu husema, na kilichohamishwa hakipo tena kilikotoka. Nyumba iliyohamwa huachwa. Nani atunze kopo la rili ambazo zimeshahama? Kumbe hakuna kilichohama. Picha zilinakiliwa, nakala yenyewe dhaifu, na asili ikabaki pale ilipo hadi mtu alipofagia stoo. Kunakili ni neno lenye adabu zaidi: linakumbusha kwamba pana asili.

Asili hiyo ikipatikana, nusu ya yote niliyoyaeleza haihitajiki. Skana ya filamu hupiga picha kila fremu ikiwa imesimama, moja baada ya nyingine, bila projekta yenye mapanga wala nusu-picha za kugombana nayo. Mpepeso haupo, kiza kitambaacho hakipo. Kunabaki kusinzia kwa springi na kupauka kwa rangi, na kama filamu ni Kodachrome iliyokaa gizani, hata rangi zitakushangaza.

Basi kabla ya kufungua programu yoyote, wapigie simu wazee, na ukiuliza usiseme mkanda. Ukisema mkanda utaletewa kaseti, kwa sababu neno hilo tumelitandaza juu ya vyote viwili. Uliza habari ya filamu, ile ambayo ukiinua juani unaona watu wadogowadogo wamepangana. Kaseti ina utepe wa kahawia usioonyesha chochote. Uliza kopo la bati, kasha la manjano la Kodak, sanduku ambalo projekta ililetwa nalo. Likipatikana, linuse. Harufu ya siki ni dalili kwamba asetati imeanza kuoza, na rili hiyo itangulie kwenda kuskaniwa. Itenge na nyingine, iweke mahali pakavu na baridi kadiri nyumba inavyoruhusu. Na yeyote asijaribu kuipitisha kwenye projekta ya zamani ili tu aone kama bado ipo: filamu iliyosinyaa haiendani tena na meno ya mtambo, nayo itachanika matundu kuanzia fremu ya kwanza.